Wanaolipwa kukagua sakafu zilizobenuka: wawe na leseni au la?

#1 KibadaMpya
Wakuu, habari za jioni.

Nina nyumba Kibada, Kigamboni. Jumatano iliyopita, saa nane na nusu mchana, nilikuwa chumbani nikasikia mlio sebuleni kama tairi la lori limepasuka ndani ya nyumba. Nilivyotoka nikakuta marumaru zimeinuka, safu nzima kuanzia mlango wa mbele hadi karibu na jikoni, mbili mbili zimeegemeana kama paa la banda la njiwa. Nyingi hazikuvunjika. Mkono unaingia chini yake vizuri tu. Sebule ni mita 6 kwa 5, marumaru ni za 60 kwa 60, na zina miaka miwili na miezi kadhaa tangu ziwekwe.

Nimeita watu watatu waje kukagua. Wa kwanza alitumwa na duka nililonunua gundi. Akasema gundi ni nzima, fundi wangu hakuloweka marumaru kabla ya kuzibandika. Nikampa elfu 50. Wa pili ni fundi mwenye jina huku mtaani, akasema gundi ni feki, elfu 30. Wa tatu anajiita mtaalamu wa sakafu. Alikuja na kidude chenye kioo kidogo, akakigusisha juu ya marumaru sehemu nne, akasema maji yanapanda kutoka ardhini, ng'oa nyumba nzima. Papo hapo akaniandikia makisio ya kurudia kazi, yeye mwenyewe ndiye afanye: milioni 4 na laki 2. Ukaguzi wake elfu 80.

Laki moja na elfu 60 zimekwenda, nina majibu matatu, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kipande akakitazama mgongoni.

Fundi umeme wa kufunga waya nyumbani kwako anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Huyu anayetoa hukumu juu ya sakafu ya mamilioni, anayesema nani alipe na nani asilipe, hadaiwi karatasi yoyote. Mimi nasema awe na leseni. Nyie mnasemaje?

#2 Ndezi wa Mto
Ndiyo. Na tulichelewa sana.

#3 MwashiMzee
Pole sana kijana wangu. Nina miaka 27 kwenye uashi, Mbagala, Kongowe, mpaka Mkuranga huko. Nikwambie kitu: hukumu ya sakafu imeandikwa mgongoni mwa tailizi. Chukua moja iliyoinuka, igeuze. Kama gundi yote imebaki chini na mgongo ni mweupe safi, basi gundi ilikuwa imeshashika ngozi fundi akiwa bado anapiga soga, tailizi ikakaa juu ya kitu kikavu. Kama gundi imeng'oka pamoja na tailizi na chini jamvi, yaani zege la sakafu, limebaki na unga unga, tatizo ni uso wa jamvi, halikusuguliwa wala kufagiliwa. Kama gundi imekatika katikati, nusu huku nusu kule, hapo ndipo uilaumu gundi.

Toa jibu hilo kwanza, habari ya leseni baadaye.

#4 KibadaMpya
@MwashiMzee shikamoo mzee wangu. Nimegeuza sita hivi sasa. Nne zina migongo safi kabisa, na sakafuni naona gundi ina mistari ya meno ya mwiko imesimama vilevile, haijabonyea. Mbili zimetoka na gundi, na chini kuna vumbi la kijivu, ukipitisha kidole linabaki kidoleni.

#5 MwashiMzee
Marahaba. Basi una magonjwa mawili kwenye mwili mmoja. Mistari kusimama maana yake tailizi haikugongwa na nyundo ya mpira ikashuka, au gundi ilishakauka uso. Na jamvi lako lina unga juu.

#6 MhandisiTaratibu
Naheshimu maelezo ya mzee hapo juu, lakini yanaeleza kwa nini zilishindwa kushika. Hayaelezi kwa nini ziliinuka kwa mlio, siku moja, baada ya miaka miwili. Tailizi isiyoshika vizuri inaweza kukaa miaka kumi inalia tupu ukiigonga na isiondoke mahali pake. Ili ipande kama paa lazima isukumwe kutoka pembeni.

Zege likikauka linasinyaa, na nusu milimita kwa kila mita ni kiasi cha kawaida. Marumaru hazisinyai. Za udongo wa kawaida hata huvimba kidogo zikinywa unyevu kwa muda mrefu. Kwa hiyo sakafu ya chini inafupika, ya juu haifupiki, msukumo unajilimbikiza kimya kimya. Chukua milimita 2 tu. Weka marumaru mbili za sentimita 60 zilizoegemeana, kisha punguza nafasi zilizokalia kwa milimita 2. Piga hesabu ya Pythagoras tuliyosoma sekondari, ncha inapanda karibu sentimita 3 na nusu. Mkono unaingia. Ndicho alichokiona mleta uzi.

Swali langu kwake ni moja. Pembeni, chini ya skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta), kuna nafasi yoyote au marumaru zimegusa ukuta na kuzibwa kwa grauti, ile saruji ya kujazia mianya?

#7 SokoBuguruni
Mimi nauza vifaa. Kabla hamjasema gundi feki, niulize: ulinunua mifuko mingapi kwa ile sebule?

#8 KibadaMpya
Mifuko minne ya kilo 25.

#9 SokoBuguruni
Sebule mita za mraba 30. Kilo 100 gawa kwa 30 ni kilo 3 na kidogo kwa mita moja. Marumaru za 60 kwa 60 zinataka kilo 5 mpaka 6, na sakafu ikiwa na mabonde zinataka zaidi. Ulitakiwa ununue mifuko sita, saba. Ama fundi alibandika kwa madonge, donge moja kila kona na moja katikati, ama alichanganya na saruji ili itoshe. Kila mara mnakuja kutulaumu sisi wenye maduka.

#10 KibadaMpya
Alichanganya na saruji. Aliniambia ndivyo inavyofanyika, na mimi nikaona nimeokoa hela.

#11 Mama Tumaini
Msimseme sana, wengi tumefanya hivyo.

Yangu ilitokea Tegeta. Zilianza kulia tupu, kisha moja ikanyanyuka upande, upana wa kidole tu. Mama yangu mzazi ana miaka 74, akajikwaa usiku akienda msalani, akavunjika nyonga. Hospitali wiki tano. Nilitafuta mtu wa kunieleza chanzo, nikasema safari hii sitaki fundi wa mtaani, nataka mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Nikampata, mtu mwenye adabu zake, akaandika ripoti ya kurasa tisa kuhusu nguzo, mikanda na nyufa za kuta. Kuhusu sakafu kulikuwa na mstari mmoja: "Umaliziaji wa sakafu una kasoro, urekebishwe." Nilijua hilo kabla hajaja!

Usajili anao, sahihi na muhuri vipo. Sakafu haijui. Kwa hiyo nawauliza mnaotaka leseni, itakuwa leseni ya nini hasa?

#12 Ndezi wa Mto
Dada pole sana, na mama aendelee kupata nafuu.

#13 Mkenya wa Ruaka
Salamu kutoka upande huu. Kwetu Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wanakandarasi, na pia huidhinisha mafundi wenye ujuzi na wasimamizi wa mjengo. Kwa hivyo fundi wa vigae anaweza kuwa na kadi. Je, kadi imemaliza vigae kubenuka? Hapana, jirani yangu vyake viliondoka mwaka jana. Lakini kuna kitu kimoja: ukiwa na kadi una nambari, na mwenye nambari anaweza kushtakiwa kwa aliyempa nambari hiyo. Huyo wenu wa elfu 80 mtamshtaki wapi?

#14 MhandisiTaratibu
@Mama Tumaini pole sana. Nakiri ulichosema. Chuoni sisi tunafundishwa jengo lisimame, umaliziaji tunaupitia juu juu. Mhandisi ambaye hajawahi kupiga magoti akatandika marumaru hata chumba kimoja anapaswa kusema "hili silijui" na kumwelekeza mteja kwingine.

@KibadaMpya bado nasubiri jibu la pembeni ya ukuta.

#15 Houston kwa Sasa
Wakuu, nipo Texas, kazi yangu ni kutandika sakafu, mbao na marumaru, mwaka wa tisa sasa. Naona wengi mnadhani huku kila kitu kina leseni. Hapa Texas mtu anayekagua nyumba kabla ya kuuzwa lazima awe na leseni ya tume ya jimbo inayosimamia mali zisizohamishika. Lakini mkandarasi wa kujenga nyumba hahitaji leseni ya jimbo. Mkaguzi wa sakafu peke yake, yule anayeitwa pale mteja, duka na kiwanda wanapogombana, hana leseni ya jimbo. Ana cheti cha chama, kwa mfano cha NWFA kwa sakafu za mbao, au cha IICRC.

Nenda California uone kinyume chake. Mtandikaji wa sakafu ana daraja lake la leseni, C-15, wa marumaru ana C-54, ila mkaguzi wa nyumba hana leseni. Nchi moja, majimbo mawili, na kila moja limefunga mlango ambao mwenzake ameuacha wazi.

Na hata huku kelele ni ileile ya mleta uzi. Mkaguzi mara nyingi huitwa na kulipwa na kiwanda au duka. Ripoti ikija imeandikwa "kosa la mtandikaji" au "unyevu wa nyumba", mwenye nyumba anabaki anashangaa. Mimi mwenyewe nimewahi kuandikiwa kosa lisilo langu na mtu aliyekaa dakika 20 bila kupiga goti.

#16 Kipanga wa Nyamagana
@Houston kwa Sasa kwa hiyo unasema leseni haisaidii?

#17 Houston kwa Sasa
Sijasema hivyo. Nasema kwanza ulizeni nani anamlipa mkaguzi.

#18 WakiliWaPembezoni
Niongezee upande wa sheria. Mahakamani, Sheria yetu ya Ushahidi inakubali maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu, kwa mafunzo au hata kwa uzoefu. Leseni si sharti. MwashiMzee na miaka yake 27 anaweza kusimama kizimbani akaeleza habari za mgongo wa tailizi, na hakimu akapima uzito wa maneno yake. Kwa hiyo anayesema "bila leseni maoni yake si kitu" anakosea.

Faida ya leseni naiona kwingine, palepale aliposhika mdau wa Ruaka. Bodi inaweza kukufutia usajili. Bodi inaweza kukuandikia masharti ya kazi, mojawapo likawa hili: aliyekagua haruhusiwi kupewa kazi ya kurudia. Sharti hilo moja lingemzuia yule wa milioni 4 na laki 2.

#19 Chuma cha Pua
Wakuu mimi napinga. Ghorofa lilianguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu wakafa. Kabla yake, 29 Machi 2013, jengo lilianguka katikati ya jiji karibu na mtaa wa Indira Gandhi, watu wakafa. Majengo hayo yalikuwa yanahusu fani zenye bodi tangu zamani: makandarasi, wahandisi, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi, hawa wawili bodi moja. Kama bodi zilizopo hazitoshi kwa nguzo, mnaunda ya nne kwa ajili ya marumaru? Itakuwa ada, fomu, muhuri, na kijana asiye na hela anafungiwa riziki.

#20 Mama Tumaini
@Chuma cha Pua kaka, mama yangu hakuangukiwa na ghorofa. Aliangushwa na upana wa kidole. Nyonga ya mzee haichagui.

#21 Chuma cha Pua
Dada, nimekuelewa, na samahani kama nimeongea kama vile lako ni dogo. Hoja yangu ni bodi, sio maumivu yako.

#22 Fundi Rehema Dodoma
Habari zenu. Mimi ni fundi marumaru, mwanamke, nipo Dodoma, Nkuhungu. Nilijifunza kwa kaka yangu, nikiwa kibarua wa kubeba na kuchanganya, shule niliishia darasa la saba. Baadaye nikaenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye ule mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wananitazama nikifanya kazi kwa mikono, wananiuliza maswali, wananionyesha upungufu wangu, napata cheti.

Niwaambie nilichopungukiwa. Nilikuwa natandika vizuri kwa macho, mistari imenyooka mpaka unashangaa. Ila sikuwahi kuacha nafasi ukutani hata nyumba moja. Hakuna aliyewahi kuniambia. Kaka yangu hakuwa anajua, na aliyemfundisha hakuwa anajua. Nikifikiria nyumba zote nilizotandika kabla ya hapo nakosa raha, na mbili nimerudi mwenyewe nikakata pembeni kwa mashine bila kumdai mtu.

Kwa hiyo sikubaliani na kaka Chuma kwamba karatasi ni ya kunyonya tu. Lakini sikubali pia leseni itakayodai kidato cha nne, itatuondoa sisi tunaojua kazi na kumwacha mwenye kidude cha kioo. Muwapime watu wakiwa wamepiga magoti sakafuni.

#23 Mtoto wa Mkunazini
Assalaam aleikum. Huo ndo ukweli Rehema, Mungu akuzidishie.

Mimi wa Unguja. Nyumba ya bibi yangu Mji Mkongwe ghorofa yake ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Bibi akihadithia walivyokuwa wakiitwanga ile chokaa siku kwa siku, wanawake wamejipanga na vipande vya mti, wanatwanga wanaimba, wanamwagia maji wanatwanga tena. Anayeongoza wimbo ndiye akisikia mlio umebadilika anasema hapa bado. Ukaguzi ulikuwa masikioni mwao, na wakikagua wakati kazi ikiendelea, hawangoji mpaka iharibike. Leo mkaguzi anaitwa maiti ishalala.

#24 Ndezi wa Mto
Mkunazini umenipeleka mbali. Niliwahi kuikanyaga sakafu ya chokaa, inapoa miguuni kuliko marumaru zote.

#25 Kipanga wa Nyamagana
Turudi kwenye maji kidogo, maana yule wa tatu huenda kasema kweli. Kibada maji ya chini yapo juu. Kipimo rahisi: kata nailoni futi moja na nusu kila upande, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote, iache mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini yake, maji yanapanda. Na jamvi likishafikisha siku 28 limekauka, kwa hiyo kama alitandika baada ya hapo unyevu ni wa ardhini.

#26 Houston kwa Sasa
@Kipanga wa Nyamagana sahihisho, kaka. Siku 28 ni za zege kupata nguvu yake, sio za kukauka. Kukauka tunakadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene, na hapo hewa iwe nzuri. Jamvi la sentimita 10 linataka kama miezi minne, masika zaidi.

Nailoni nayo inaonyesha cha juu tu. Ikitoka kavu usishangilie. Kipimo tunachokiamini ni kutoboa tundu kwenye zege, kwa jamvi linalokauka upande mmoja unaenda asilimia 40 ya unene, unaweka kipimo ndani, unaziba, unasubiri saa 24. Zamani ilikuwa saa 72. Kile kidude cha kugusisha juu ya marumaru kinaweza kudanganywa hata na wavu wa chuma uliomo ndani ya zege. Na hata angekuta unyevu, marumaru si mbao. Mninga ungevimba, sakafu ya plastiki ingeachia gundi, marumaru zinavumilia mengi.

#27 Muscat Bila Kivuli
Nauliza tu, hiyo sebule ina mlango mkubwa wa kioo unaotazama machweo? Huku kwetu joto la kiangazi mchana siku nyingine linapita nyuzi 45, na sakafu inayopigwa na jua tunaipa nafasi ya kupumua kila mita 2 na nusu hadi 3 na nusu, inajazwa mpira laini badala ya grauti. Saa nane na nusu mchana ndiyo saa yake.

#28 KibadaMpya
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nang'oa skatingi. Naanza na @MhandisiTaratibu: marumaru zimegusa ukuta pande zote nne, grauti imejazwa ngumu, hata kisu hakipenyi. Na sebule haikatiki mlangoni, zinaendelea moja kwa moja kwenye korido, jumla mita 11.

@Muscat ndiyo, kioo kikubwa, magharibi kabisa, na mstari ulioinuka unaanzia hatua chache kutoka hapo.

Jamvi lilimwagwa Machi, marumaru zikaingia mwishoni mwa Mei. Mvua zote hizo katikati.

#29 MhandisiTaratibu
Asante. Mita 11 bila nafasi, na jamvi la miezi miwili lililokaa masika yote. Nafasi ya katikati ndani ya nyumba huwekwa kila mita 6 hadi 7 na nusu, na ya ukutani haina cha mita, ni lazima. Mimi nabaki na jibu langu: msukumo.

#30 MwashiMzee
Msukumo sikatai. Ila kama zingeshika sawasawa zingeweza kuuhimili. Nimetandika korido ndefu kuliko hiyo shule moja Mkuranga, haina nafasi katikati, mwaka wa 15 huu haijalia.

#31 SokoBuguruni
Ulichanganya na saruji huko Mkuranga, mzee?

#32 MwashiMzee
Sikuchanganya, na usinitanie mbele za watu. Zamani hizo tulikuwa tunatumia uji wa saruji mtupu na tailizi tunaziloweka usiku kucha.

#33 Fundi Rehema Dodoma
Hapo kwenye kuloweka panachanganya watu, ndipo alipopata upenyo yule wa dukani. Kuloweka ni kwa zile za udongo zinazokunywa maji, tena ukitumia saruji. Poselini, zile marumaru ngumu, hainywi hata nusu asilimia ya uzito wake, iloweke wiki nzima hakuna kinachobadilika. Na gundi ya mfuko inataka mgongo mkavu usio na vumbi. @KibadaMpya zako ni zipi?

#34 KibadaMpya
Boksi limeandikwa poselini.

#35 WakiliWaPembezoni
Basi mkaguzi wa kwanza alilipwa elfu 50 kusema jambo lisilohusiana na marumaru zako. Hilo lenyewe ni hoja ya mleta uzi.

#36 Chuma cha Pua
Au ni hoja yangu. Wadau humu, wengi hata hatujui kama wana leseni, wamempa mtu ukaguzi bora kuliko watatu aliowalipa. Mngewekewa leseni, Rehema na Mzee wangeogopa kuandika.

#37 Fundi Rehema Dodoma
Mimi nisingeogopa. Ningeandika na namba yangu chini.

#38 Mkenya wa Ruaka
Hapo umesema, dadangu.

#39 Mama Tumaini
Chuma, sisi hapa hatumdai hela wala hatuandiki ripoti ya kupeleka dukani. Anayetoza na kutia sahihi ndiye aulizwe. Bado nasubiri mtu anijibu swali langu: leseni ya nini hasa? Ya uhandisi nimeiona haikutosha. Ya fundi, Rehema kasema ipimwe kwa magoti. Nani atawapima wapimaji?

#40 WakiliWaPembezoni
Dada, swali lako ni zito na sina jibu lake leo. @KibadaMpya jambo la haraka: zile ulizogeuza usizitupe. Piga picha kila moja mgongo na mahali ilipotoka, andika namba kwa chaki, tarehe, ziweke kavu. Hata mifuko ya gundi kama unayo, tarehe ya kiwandani ipo pembeni. Yeyote atakayekuja kukagua, mwenye leseni au asiye nayo, atahitaji hivyo.

#41 KibadaMpya
Mifuko ilichomwa siku ileile ya kazi. Marumaru, zile sita za jana ninazo, zipo chini ya kitanda. Za mstari wa katikati, zile mbili mbili zilizosimama kama paa, yule wa tatu alinisaidia kuzitoa nje kabla hajaondoka, akasema zitaumiza watoto. Nimetoka kuzitafuta sasa hivi na tochi. Kijana wa jirani keshajengea sakafu ya banda la kuku, na saruji imeshashika.

#42 MwashiMzee
Mwambie asizing'oe kwa nguvu. Jumamosi navuka kivuko asubuhi, nitakuja na patasi yangu, tuzitoe taratibu moja moja. Silipishi.